Ile Ndogo Karibu na Kilimia

Mbeya
6 Julai 1975

Mdogo wangu Rozalia,

Kamwene! Huku baridi imetukaba shingo. Wifi yako Sekela ametwaa koti lake na la kwangu, anatembea kavaa yote mawili, na ukimwuliza anasema mwalimu hupata joto kwa kupiga kelele darasani. Vinginevyo tu wazima. Unga wa njano tumeuzoea, sabuni imeadimika, na reli ya Wachina inasemekana itaanza kubeba abiria karibuni. Mimi nitapanda siku ya kwanza hata kama haiendi kokote.

Shemeji Timotheo hajambo? Matilda na Abrahamu wanasoma? Tangu mlipohamishwa mwezi wa tatu nimepata barua yako moja tu, ya mistari sita: usije Pasaka, tunahama, ubatizo utafanyika siku nyingine. Sawa, sikuja. Sasa nauliza, siku nyingine ndiyo lini? Sekela amemshonea Philbert kanzu nyeupe kwa mkono, na kila wiki anaipima machoni na kusema itambana. Ameota meno? Mwambie mjomba wake na msimamizi wake yupo tayari. Jina la marehemu baba nilimpa mimi, na sitaki mtu mwingine asimame pale mbele kwa niaba yangu.

Nina jambo la kukuchekesha. Mwalimu Mzungu aliyeondoka mwaka juzi aliacha stoo darubini ya macho mawili. Panya wamekula mkanda wake ila vioo vizima. Amenitumia pia kitabu cha mwaka huu kinachoonyesha kila kitu cha mbinguni kiko wapi. Humo nimekuta sayari ndogo, Wazungu wanaiita Seresi, kwa jina la mungu wao wa kale wa nafaka. Kwa macho matupu huioni kamwe. Zamani waliihesabu pamoja na sayari kubwa, watoto wa shule wakaikariri miaka mingi, kisha wakaiondoa kwenye hesabu. Mwaka huu itaonekana vizuri mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba, karibu na kile kishada cha nyota za Kilimia. Nimeapa nitaiona. Sekela anasema nimechanganyikiwa.

Niandikie. Nasubiri habari za ubatizo.

Kaka yako,
Liberatus


Kijiji kipya, njia ya Nyololo
17 Agosti 1975

Kaka Liberatus,

Kamwene sana. Barua yako ilikaa dukani Nyololo mwezi mzima kwa sababu mwenye duka aliweka vitunguu juu yake. Ndiyo maana nachelewa, usininunie.

Sisi wazima. Timotheo yupo, anakusalimu, mgongo unamsumbua kwa kuchimba choo kipya, maana hapa bwana afya anapita kila wiki kuhesabu vyoo. Matilda anakusalimu, yuko darasa la nne. Abrahamu anakusalimu, ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kwa pengo. Mama mkwe anakusalimu. Hata yule mbuzi mweupe uliyetupatia yupo, amezaa.

Nyumba hapa zimepangwa mistari kama mahindi. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Maji yako mbali kidogo kuliko kule kwetu. Mahame yetu yako ng'ambo ya bonde, nikisimama mlangoni naona miti yake. Paa walichoma siku ile ile ili tusirudi.

Mwambie wifi Sekela ahsante kwa kazi ya mikono yake. Mikono yake ni mizuri sana.

Ile sayari yako nimeifikiria. Unasema walikuwa wanaihesabu halafu wakaiondoa. Waliiondoa kwa kosa gani? Au iliwakera tu kwa udogo? Niambie vizuri, si kwa mzaha.

Dada yako,
Rozalia


Mbeya
7 Septemba 1975

Rozalia,

Tumepokea salamu zako, tukafurahi, halafu Sekela akaninyang'anya barua akaisoma tena yeye mwenyewe. Akasema, "Liberatus, amemtaja mpaka mbuzi."

Nami nikaisoma upya. Timotheo yupo, Matilda yupo, Abrahamu na pengo lake, mama mkwe, mbuzi. Rozalia, mwanangu Philbert yuko wapi? Anaumwa? Kama anaumwa mlete hospitali hapa Mbeya, nitampokea mimi kituoni, tafuta lori lolote. Usinifiche. Nimeuliza meno, umenijibu vyoo.

Swali lako nalijibu kama ulivyotaka. Haikuwa na kosa. Ilikuwa hivyo hivyo ilivyo siku zote. Walipata nyingine ndogo nyingi zinazozunguka njia ile ile, wakaona wakizihesabu zote orodha itawashinda, basi wakaziondoa zote pamoja. Yenyewe haijui kama iliondolewa. Inazunguka tu.

Ukitaka kujua inaonekana lini, ni hivi. Kuna miezi iko upande mmoja na jua, na mwanga wa jua unaifunika. Pasaka iliyopita ilikuwa huko nyuma, na hata ungekuwa na darubini ya ukubwa wa nyumba usingeipata. Ipo, ila huna njia ya kuiona. Baadaye inaanza kutoka usiku mwingi. Halafu unafika wakati dunia inakaa katikati, jua likizama huku, yenyewe inachomoza kule, na ndipo inapokuwa karibu nasi na kung'aa zaidi. Hapo ndipo unapoitafuta.

Lakini hata hapo haijitambulishi kwa uso. Inafanana na vinyota vingine. Unachofanya ni kuchora kila nukta unayoiona, hata usiyoitaka. Baada ya siku kadhaa unachora tena pale pale. Nukta iliyohama mahali pake, ndiyo hiyo.

Nijibu kuhusu mtoto. Upesi.

Liberatus


Kijiji kipya
12 Oktoba 1975

Kaka,

Salamu zote. Watu wote ni kama nilivyokuandikia.

Mwambie wifi asiendelee kuipima ile kanzu.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nikiandika neno lenyewe naona kama ndipo litakuwa kweli. Basi nitaandika yote kwa mkupuo na sitarudia kusoma.

Siku ya kuhama mgambo walikuja alfajiri. Lori lilikuwa moja kwa familia nyingi. Philbert alikuwa na homa tangu juzi yake, mwili wa moto, macho yamegeuka. Nikamwambia yule mkubwa wao, subiri kidogo. Akasema maji yote mwageni, vyungu vizito, kule mwendako kuna bomba. Tukamwaga. Kule tulikokwenda hakukuwa na bomba, ila hilo ni jingine.

Mtoto akaanza kukata pumzi mikononi mwangu uani. Wewe hukuwapo, katekista hakuwapo. Nilijua mafundisho, kwamba mtu yeyote anaweza kubatiza mtoto anayekufa, maji na maneno yale basi. Nikapiga kelele, maji! Timotheo akatafuta, hakuna tone. Kilichokuwapo ni kibuyu chake cha ulanzi, ulikuwa msimu, aliugema kwenye mwanzi asubuhi ile ile, mtamu bado, haujachacha kuwa pombe. Nikammiminia kichwani. Nikasema, Philbert, nakubatiza, na maneno mengine yote, nilikumbuka yote. Alilamba, kaka. Ulimteremkia mdomoni akalamba. Halafu ikawa basi.

Wanawake wakamchukua wakamzika nyuma ya nyumba, upande wa matone ya paa. Mimi mgambo walinipandisha kwenye lori wakanishika. Sikuona mahali. Timotheo alipaona, lakini nikimwuliza anachukua jembe na kutoka.

Katekista nilimweleza. Alisikitika sana, si mtu mbaya. Akasema ulanzi si maji, kitabuni hawezi kumwandika. Mama mkwe naye anasema mtoto aliyeondoka kabla ya meno hahesabiwi na hatajwi, kumtaja ni kumwita. Kwa hiyo hapa mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nasema wawili. Nasema wawili, kaka, na kila nikisema hivyo naona aibu kama nimeiba.

Tena jioni namsikia. Jua likizama tu, kutoka ng'ambo ya bonde, upande wa mahame. Mama mkwe anasema ni komba. Mimi nimezaliwa huku, komba najua anavyolia, na huyu si komba. Maziwa yananitoka mpaka yanalowesha nguo, miezi yote hii.

Wamesema mvua ikinyesha trekta litakuja kulima mahame yote kuwa shamba la kijiji. Litapita juu yake na mimi sijui hata yuko wapi. Nataka nimpate kabla ya trekta. Sitaki kingine.

Hukukosa lolote. Nilikuambia usije.

Rozalia


Mbeya
9 Novemba 1975

Mdogo wangu, mama Philbert,

Sekela anakuambia ndaga, ndaga fijo. Hajui kusema pole kwa lugha nyingine leo. Kanzu ameikunja na kuiweka chini ya mto wetu. Mimi nimefundisha wiki nzima na sijui nimefundisha nini. Nikigeukia ubao naona jina la baba.

Nilitaka kupanda basi siku ile ile. Mkuu wa shule amekataa, mitihani ya kidato cha nne inaendelea na mimi ni msimamizi. Nimemjibu vibaya, nitaombwa maelezo, na sijali.

Nilikwenda kwa padre. Nilimweleza yote, kibuyu, msimu, asubuhi ile ile, kwamba ulikuwa haujachacha. Nikamwambia kama mwalimu wa sayansi kwamba ulanzi mbichi ni maji ambayo mwanzi umeyavuta ardhini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alichonijibu nitakueleza tukionana.

Sasa kuhusu mahame. Nisikilize kama mwanafunzi. Usiende kutafuta kaburi. Ukienda na hamu ya kuona kaburi utaliona kila penye kichuguu. Nenda uchore. Tafuta karatasi yoyote, hata mfuko wa sementi, na kaa. Anza na vitu vikubwa visivyoweza kuhama, mafiga, jiwe la kusagia, visiki. Kutoka hapo utajua ukuta ulisimama wapi na matone yaliangukia wapi. Kisha chora upande ule wa nyuma, kila nyasi, kila bonge, kila shimo, hata usilolitaka. Rudi siku nyingine. Kaa pale pale ulipokaa mwanzo. Chora tena, halafu linganisha.

Na hiyo sauti, sitakuambia ni komba.

Kaka yako,
Liberatus


Kijiji kipya
27 Novemba 1975

Kaka,

Jibu la padre nimelijua kwa kuwa hukuliandika. Usijisumbue.

Tuko hivyo hivyo. Timotheo anakusalimu kwa mdomo wangu, yeye hasemi. Matilda na Abrahamu wazima. Kuna jambo sikukuambia, nina mimba ya miezi mitano. Mama mkwe anajua, ndiyo maana amekuwa mkali. Anasema nikienda kule, nikalitaja lile jina, yule atamvuta huyu aliye tumboni wakacheze wote. Ananifuata mpaka kisimani. Nikikohoa anashtuka. Namhurumia, alizika wanne wa kwake mwenyewe, na hata mmoja hajawahi kunitajia.

Nami ninaogopa, usidhani siogopi. Nikimtaja naogopa kwa huyu. Nisipomtaja, namsikia yule. Niambie wewe uliyesoma, mtu anachagua vipi hapo?

Nimekwenda. Nilisema naenda kuokota kuni, na kuni nikaokota kweli. Nyumba yetu, kaka! Magugu yamenifika kiunoni mahali tulipokuwa tunalala. Jiwe la kusagia lipo. Mafiga yapo, moja limeanguka. Nilikaa juu ya jiwe la kusagia nikachora kwa mkaa kwenye mfuko wa sementi kama ulivyosema, upande wote wa nyuma. Sikuona chochote. Ardhi kavu, sawasawa, ngumu kama sakafu, imefumba mdomo. Jua likaanza kushuka na nikamsikia karibu sana, sijui kulia kwangu au kushoto. Nikakimbia na kuni nikaziacha.

Mawingu yanajikusanya upande wa Usangu. Trekta limeonekana kijiji cha jirani.

Ile yako umeiona?

Rozalia


Mbeya
7 Desemba 1975

Rozalia,

Nimeiona.

Mvua ilitufungia mbingu siku nyingi, nikawa natoka kila jioni na kurudi mikono mitupu. Jumapili iliyopita mawingu yalipasuka. Mwezi haukuwapo. Kilimia kilikuwa mashariki, wazi kabisa, na chini zaidi Mirihi, nyekundu sana mwaka huu, usije ukaichanganya na nyingine. Sekela alinishikia taa ya kandili akiifunika kwa kanga, nami nikachora nukta zote nilizoziona kwenye darubini. Zilifanana zote. Jana jioni mbingu ikafunguka tena nikachora upya. Nililinganisha mezani mara mbili. Nukta moja haikuwapo mahali pake. Ilikuwa imesogea pembeni, kidogo tu.

Nilirudi nje nikaitazama mpaka macho yakatoa machozi. Ni ndogo, haina rangi ya kujivunia. Ukiondoa darubini haipo. Sekela alitazama pia, akauliza, "Ndiyo hii tu?" Nikamwambia ndiyo hii. Akatazama tena, kwa muda mrefu, halafu akasema jina la Philbert kwa sauti ya kawaida, kama anamwita ndani kula.

Unaniuliza mtu anachagua vipi. Sijui. Nimesoma na sijui. Ila kama ni kuogopa, mimi na Sekela tumeshalitaja huku, sisi kwanza. Kama kuna wa kuvutwa, atuanze sisi.

Rudi ukachore mara ya pili. Mvua imenyesha huko?

Liberatus


Kijiji kipya
28 Desemba 1975

Kaka yangu na wifi yangu,

Mvua ilinyesha. Ilianza Jumatatu ikanyesha siku mbili bila kupumzika, mpaka choo cha Timotheo kikaanguka na bwana afya atatupunguzia kimoja kwenye hesabu yake. Asubuhi ya tatu tukasikia trekta linakuja na njia.

Nilichukua mfuko wangu wa sementi nikatoka mbele ya watu wote. Mama mkwe akasimama mlangoni amefungua mikono. Nikamwambia, mama, nakwenda kumwona mtoto, ni wako pia. Akashusha mikono. Hakunifuata, lakini hakunizuia.

Nilikaa juu ya jiwe la kusagia, pale pale. Nikachora. Visiki, mafiga, magugu yote yamelala kwa mvua. Nilipofika upande wa matone ya paa mkono ulisimama wenyewe. Mahali ambapo mara ya kwanza nilichora ardhi tupu, iliyo sawa, sasa palikuwa pametitia. Padogo, kaka. Ukubwa wa ungo. Udongo wote ule mgumu ulikuwa umekaa kama ulivyokuwa, na pale tu ulikuwa umeshuka.

Na pamejaa maji. Maji ya mvua, masafi, nikaona uso wangu.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia nyayo nikadhani ni mgambo, kumbe Timotheo. Alikuwa amebeba shina la mwanzi na mizizi yake, amelichimba bondeni, matope mpaka magotini. Hakuuliza nimepataje. Akatazama pale akasema, "Ndipo." Kisha akapiga magoti, na mwanamume yule ambaye hajafungua mdomo tangu mwezi wa tatu akaingiza mikono miwili majini akayaacha yamtiririke katikati ya vidole, yakarudi pale pale. Akasema, Philbert, kwa jina la Baba, na la Mwana. Alishindwa kumaliza. Nikamalizia mimi.

Katekista sijamwambia. Padre wako wa Mbeya naye msimwambie. Hili si la kitabu chao.

Tukapanda mwanzi. Trekta lilipofika Timotheo alisimama mbele yake na jembe lake, akamwambia dereva, "Hapa kuna mtu." Dereva alikuwa kijana wa Rujewa, hatujui hata jina lake. Alizima mashine, akavua kofia. Kisha akawasha akapita pembeni. Shamba la kijiji sasa lina kisiwa kidogo katikati, na bwana shamba amekwisha kuuliza ni cha nini.

Sitakudanganya, kaka. Bado namsikia jioni. Nilidhani ataacha, hakuacha. Jana jua lilipozama alianza tena kutoka ng'ambo, nikatoka mlangoni nikamwitikia kwa jina lake, wazi, majirani wote wa mstari wakanisikia. Mama mkwe alikuwa jikoni. Nikasikia anataja majina manne, moja moja, polepole, majina nisiyoyajua. Akarudi kusonga ugali.

Mtoto wa tumboni anapiga mateke ninapoandika hii. Ninaogopa kwa ajili yake kila siku na sitaacha kuogopa. Akizaliwa, tuletee ile kanzu.

Karani wa kijiji alipita leo na kalamu yake kuuliza idadi ya watoto. Timotheo alinitazama. Nikamwambia ninao watatu, na wa nne njiani. Akaniuliza yuko wapi huyo wa tatu, mbona hamwoni. Nikamwambia aandike tu.

Wanawasalimu Timotheo, mama mkwe, Matilda, Abrahamu, na Philbert.

Dada yenu,
Rozalia